Mikono ya Marehemu Lâm Thị Nhạn

Waheshimiwa watawa, ndugu, majirani, nyote mliofunga kitambaa cheupe cha msiba na msiofunga, kwa niaba ya ukoo wa Lâm na ukoo wa Kha tunawashukuru kwa kufika, na tunaomba mtuvumilie, maana mama yetu, dada yetu na shangazi yetu alikuwa mtu wa mambo taratibu, isipokuwa kuogopa tu, huko alikuwa na haraka kuliko sisi sote. Maneno haya aliyasoma mwenyewe mwezi uliopita, akiwa kitandani, hadi sehemu ya ugonjwa, akasahihisha mwaka mmoja na jina la mtaa, kisha akageuza karatasi, akakuta nyuma ni tupu, akauliza, "Sasa hapa mtaandika nini?"

Marehemu Lâm Thị Nhạn alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mjini Sa Đéc, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Lâm Văn Hượt, fundi wa mizani za sokoni, na Bibi Tô Thị Mãng, akasoma shule ya msingi hapohapo, akaendelea na sekondari ya wasichana mpaka mwaka 1968, baba yake alipofariki, akaacha shule bila kuambiwa na mtu, akaenda kukata vitambaa dukani kwa mjomba wake. Waliomfahamu enzi hizo wanasema alikuwa akipima kitambaa, anapima tena, halafu anamwomba mteja apime mwenyewe, na mjomba akawa anamkemea, "We Nhạn, utanifukuzia wateja na hiyo hofu yako!"

Tarehe 2 Februari 1974 alifunga ndoa na Kha Văn Tường, fundi wa cherehani, mtu mcheshi asiyeogopa kitu, na sisi Wabuddha Mungu hatuna, lakini kama kuna aliyewapanga wawili hao basi alijua kazi yake. Walijaliwa watoto wawili, Thục Oanh, aliyezaliwa mwaka 1976 kulekule Sa Đéc, na Hiển, aliyezaliwa mwaka 1983 hapa San Jose, baada ya familia kuondoka nyumbani mwaka 1980, kukaa kambini Malaysia, na kufika California mwezi Juni 1981 wakiwa na begi moja na cherehani iliyofunguliwa vipandevipande.

Kazi yake hapa ilikuwa kulehemu vibao vya kompyuta kiwandani, kazi aliyoifanya tangu 1982 hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2008, na wenzake wa meza ile wamejaa ukumbini leo, wanajua jinsi alivyokuwa akikagua kibao chake, akamaliza, akakagua na cha jirani. Lakini katikati ya miaka hiyo, tarehe 19 Septemba 2005, mumewe alianguka ghafla akiwa kazini, wakaja watu wa gari la wagonjwa, wakampiga kifua, wakamchoma sindano, wakambeba mbiombio, na Shangazi Nhạn alipofika hospitali alimkuta amekwishafariki, amevuliwa shati, mrija bado umo mdomoni.

Wa kwetu mnajua hilo lina maana gani, na kwa wageni tuseme kwa ufupi, kwamba mtu wetu akikata roho, kwa saa nane haguswi, hasogezwi, wala hakuna anayelia karibu naye, tunakaa tu na kulitaja jina la Buddha kwa upole, kwa kuwa yeye bado yumo katika kutoka, na akishtuliwa hapo anaweza kushikwa na uchungu au hasira, akapotea njia. Mumewe Tường hakupata hata dakika. Shangazi hakumlaumu mtu, watu wale walikuwa wanajaribu kumwokoa, ila tangu siku hiyo aliingiwa na swali ambalo halikumtoka, kwamba mtu anayekufa peke yake kati ya wageni, nani anakaa naye?

Kwa swali hilo, mwezi Septemba 2010, akiwa na miaka hamsini na tisa, alijiandikisha katika mafunzo ya awali ya uhudumu wa kiroho wa Kibuddha kwa wagonjwa na wanaokufa, yaliyokuwa yakitolewa kila Jumamosi katika kituo kidogo cha kutafakari mjini Santa Cruz, na kwa kuwa aliziogopa kona za barabara ile ya milimani, mpwa wake anayesoma historia hii ndiye aliyekuwa akimwendesha, yeye amefumba macho, anamtaja Buddha kila lori linapopita. Wanafunzi wenzake karibu wote walikuwa Wamarekani weupe, watu wazuri, waliojua kukaa kimya juu ya mto wa kukalia mpaka miguu ife ganzi, naye peke yake ndiye aliyezaliwa ndani ya dini hiyo, na ndiye peke yake asiyejua kukaa kimya.

Mwalimu wao, Bi Marjorie Ellingboe, aliyewahi kuwa muuguzi, aliwafundisha kwa kuigiza, mmoja analala sakafuni kama mgonjwa, mwingine anaketi kando yake, na somo la kwanza lilikuwa usimkimbilie mgonjwa kwa maneno wala majibu, keti, pumua, sikiliza, na akikunyooshea mkono, upokee. Siku ya kwanza Shangazi aliketi kando ya mwanamume mmoja mrefu aliyejifanya ana saratani, hakuvumilia hata kidogo, akafungua chupa ya uji wa mchele aliyokuwa nayo mkobani, akamwambia, "Kula kwanza, kufa baadaye." Darasa zima lilicheka, na Bi Marjorie, ambaye tunamwona hapa leo, alicheka mpaka akatoa machozi, lakini Shangazi aliingia garini amekunja uso, akasema, "Nimefeli. Wenzangu wana kimya, mimi nina uji."

Hakufeli, alijifunza, pole kwa pole, na kufikia mwezi wa pili wa mwaka 2011 walipopelekwa hospitali kwa mazoezi, alipangiwa wodi moja hapa San Jose kwa sababu wengi humo husema lugha yetu, na mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Mzee Đoàn Văn Sỹ, mstaafu wa posta, mwenye ini lililokwisha, aliyekuwa akiuguzwa na mkewe, Bibi Quế, wote wawili waumini wa hekalu letu hilihili. Bibi Quế alikwishapanga kila kitu, ameongea na mtawa, ameongea na wauguzi wamwachie saa zake nane, amewaonya watoto wasilie, na alimwambia Shangazi, "Afadhali umekuja wewe, wewe unajua. Hawa wengine ningewafukuza."

Ikawa tarehe 26 Februari 2011, mchana, Bibi Quế amekwenda kujaza chupa ya maji moto, Shangazi yuko peke yake na Mzee Sỹ, na Mzee akanyoosha mkono juu ya blanketi kama anatafuta kitu, naye akaupokea kama alivyofundishwa, akakaa, akapumua, hakusema neno, na kwa mara ya kwanza, alituambia baadaye, kimya hakikumtisha. Mzee Sỹ akavuta pumzi, akaitoa, hakuvuta nyingine. Shangazi alijua. Alijua pia kwamba kuanzia hapo hatakiwi kumgusa, lakini mkono ulikuwa tayari umo mkononi, umemshika, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha, si Santa Cruz wala hekaluni, ufanye nini na mkono uliokushika kabla saa hazijaanza kuhesabiwa. Akabaki hivyo, na machozi yakaanza kumtoka.

Ndipo Bibi Quế alipoingia, akaona, akapiga kelele, "Nhạn! Unafanya nini? Mwachie!" Naye Shangazi kwa kushtuka akauchomoa mkono wake kwa nguvu, na mkono wa Mzee Sỹ ukaanguka, ukagonga chuma cha kitanda, ukabaki unaning'inia, na wanawake wawili wakasimama wanautazama, hakuna anayeweza kuurudisha, kwa maana kuurudisha ni kumgusa tena. Ulining'inia hivyo saa zote nane. Bibi Quế alimwambia neno moja tu, kwa sauti ndogo, "Toka."

Ndugu wafiwa, mengine yote ya Shangazi yanaeleweka kutoka hapo. Jumamosi iliyofuata alisimulia darasani, kwa sababu kila mwanafunzi alitakiwa kusimulia ziara yake mbele ya wenzake, wakalia wote, wakasema alifanya jambo la huruma, wakamkumbatia mmoja mmoja, naye akatoka akaingia garini, akafunga mkanda, akasema, "Wamenikumbatia wote. Hakuna hata mmoja aliyeelewa." Akaenda kwa Sư cô Hạnh Thuần, yaani mtawa wetu wa kike, anayeelewa, akamwuliza kama Mzee Sỹ alishtuka, na Sư cô, ambaye hasemi asilolijua, akamjibu, "Tumwombee." Jibu hilo ndilo lililomnyima usingizi, maana faraja ya wasioamini ilikuwa haimfiki, na ya anayeamini haikutolewa.

Tulidhani ataacha, Hiển alimsihi aache, lakini alimaliza mafunzo mwezi Juni 2011, na kwa miaka kumi na miwili akawa anakwenda hospitali na majumbani kuketi na wanaoaga, Wabuddha na wasio Wabuddha, wengi wenu hapa aliketi na mzazi wenu, na mnakumbuka jinsi alivyoketi, mikono kaiingiza ndani ya mikono ya sweta kama mtu anayesikia baridi, hata Agosti. Wauguzi walimwita bibi wa sweta. Watu walisema ni unyenyekevu, wengine wakasema ni namna ya kutafakari ya watu wa kale, na kuna kijana mmoja wa Santa Cruz aliyeanza kumwiga. Haikuwa kutafakari. Alikuwa anaogopa mikono yake.

Na kila mwaka, mabalungi ya uani kwake yalipoiva, alimenya moja zuri, akaondoa ngozi nyeupe yote, akapanga vipande katika bakuli la plastiki lenye mfuniko, akaliacha mlangoni kwa Bibi Quế bila kubisha hodi, na baada ya wiki bakuli likakutwa kwenye rafu ya viatu hekaluni, tupu, limeoshwa, bila neno. Basi hapo ndipo wasiwasi ulipopata chakula chake, "Amekula au amemwaga?" anauliza mezani, na Oanh anamjibu, "Mama, anayemwaga haoshi bakuli," naye anasema, "Quế ataosha hata bakuli la adui." Hekaluni walikaa pande mbili za ukumbi, miaka yote hiyo, sikukuu baada ya sikukuu, na ukimwona mmoja anamtazama mwenzake, mwenzake ametazama sanamu.

Mwezi Mei 2023 Shangazi alianza kulalamika mgongo na kukosa hamu ya kula, akapelekwa kwa daktari, na tarehe 30 Mei ikaonekana ni saratani ya kongosho, imesambaa, naye akakataa dawa kali, akaomba arudishwe nyumbani kwake. Hapo ndipo alipotushika sote. Kila siku alikuwa na agizo, nani asimame wapi, nani asiingie, simu zizimwe, mbwa apelekwe kwa jirani, na mwisho, kama walivyofanya darasani, akaamua tufanye mazoezi, akalala kwenye kochi sebuleni, akafumba macho, akasema, "Haya, nimekufa." Tukaanza kumtaja Buddha. Haikupita muda Oanh akaangua kilio, na marehemu wetu akafungua jicho moja, akasema, "Asante mwanangu, umeshanipeleka pabaya."

Tulicheka, lakini usiku tulimsikia akimwuliza mtu ambaye hatukumwona kama mkono ulimuuma. Hofu yake ilikuwa moja tu, na tunaisema wazi kwa kuwa alitaka isemwe, kwamba alimwondoa Mzee Sỹ vibaya, na kwamba yeye naye ataondoka vilevile, kwa sababu yake, kwa mikono ya watu wanaompenda.

Asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2023 pumzi zake zilianza kuachana, na yakatokea tuliyoyaogopa bila kuyajua, kwani mkono wake wa kulia ulitoka ndani ya sweta, ukaanza kutambaa juu ya blanketi, unatafuta. Tulikuwa wanne chumbani, na hakuna aliyeupokea. Oanh alinyoosha wake, akaurudisha, Hiển alikuwa ameikalia mikono yake mwenyewe, kwa maana nani ajuaye ni pumzi ipi ya mwisho, na ukishika sasa utaachia lini? Tuliyafuata maagizo yake kikamilifu, na mama wa watu mkono unatafuta peke yake. Hatujapata kuogopa hivyo.

Sư cô Hạnh Thuần alifika kuongoza sala, na nyuma yake, kwa fimbo, akiwa na miaka themanini na mbili, akaingia Bibi Quế. Hatukumwalika. Alivuta kiti mpaka kando ya kitanda, akaketi, akaweka fimbo sakafuni, na kabla hatujajua anafanya nini alikwishaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili. Akainama karibu na sikio, akasema, na sisi sote tulisikia, "Nhạn, ni Quế. Nilikula mabalungi yako yote. Sasa nisikilize, mimi ndiye niliyepiga kelele. Wewe ulikaa kimya naye, nikaingia mimi na kelele zangu. Kama kuna aliyemshtua mume wangu ni mimi, na nimelijua hilo tangu siku ileile, ila ukiwa na kosa wewe, mimi ninapata usingizi."

Shangazi hakuwa na uwezo wa kusema, lakini macho yalifunguka kidogo, yakamtazama, na vidole vikafunga. Oanh anaapa mama yake alitikisa kichwa kwa kukataa, kama anayesema si wewe, Hiển anasema ilikuwa pumzi tu, na hapo kila mtu abaki na alichokiona. Saa tano na dakika ishirini asubuhi alivuta pumzi, akaitoa, hakuvuta nyingine, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Vidole vya Shangazi vilikuwa vimefunga juu ya vidole vya Bibi Quế, na Oanh, uso umemkauka, akanong'ona, "Bibi, achia, saa zimeanza." Bibi Quế hakugeuza hata shingo, akajibu, "Nikiachia nitamshtua. Nilishaona mkono ukiachiwa ghafla. Imbeni." Tukamtazama Sư cô, na Sư cô, asiyesema asilolijua, akaanza kulitaja jina la Buddha, nasi tukafuata.

Bibi Quế alikaa hivyo saa zote nane. Hakuegemea. Tulimwekea mto mgongoni bila kumgusa mkono, Hiển alimnywesha maji kwa mrija, tukamwuliza kwa aibu kuhusu haja nyingine, akasema, "Hiyo si kazi yenu." Oanh, kila kilio kilipompanda, alitoka akaenda kulia chini ya mbalungi, akanawa uso, akarudi, na hakulia hata mara moja mbele ya mama yake, mama, umesikia, hata mara moja. Mchana wote tuliogopa bega la bibi yule litachoka, vidole vitateleza, mkono utaanguka. Haukuanguka.

Jioni, saa zilipotimia, Sư cô alimwashiria, naye Bibi Quế akaanza kukunjua vidole vyake, kimoja, akangoja, kingine, akangoja, kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto, mpaka mkono wa Shangazi ukabaki umelala juu ya blanketi pale ulipokuwa. Akautazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, si kwetu, "Hivi ndivyo ingekuwa, Nhạn, kama ningenyamaza," na hapo ndipo alipolia, kwa kuwa sasa ilikuwa ruhusa.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari waliomhudumia tangu Mei, na kwa namna ya pekee muuguzi wa nyumbani, Bi Rosalind Quintero, aliyekuja kuthibitisha kifo, akaelezwa, akaketi varandani kusubiri kwa saa nyingi bila kuuliza tena, kwa jirani zetu wa ukoo wa Villaseñor waliomkaribisha mbwa na kuzima mashine ya bustani na muziki siku nzima, kwa wenzake wa kiwandani walioleta wali wa kunata wa kutosha kijiji, kwa Bi Marjorie na wanafunzi wake waliopita kona zile zote kuja, na tunaambiwa tangu sasa watafundisha pia namna ya kuuachia mkono, si kuupokea tu, kwa watawa wa hekalu letu, na kwa Bibi Quế, aliyeketi safu ya mbele, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa shingoni kwa maumivu, ambaye ametuomba tusimtaje, na tumemtaja.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, mbalungi mmoja wenye matunda ambayo hayajaiva, na sweta ya kijivu ambayo amevishwa, ila mikono ya sweta tumeikunja, mikono yake iko nje.

Ulituuliza upande wa nyuma tutaandika nini, Shangazi, na sasa umeandikwa. Pumzika kwa amani, nenda taratibu, hakuna aliyekushtua.